Nyumba Haishikiliki: Dhuluma Inayolindwa na Sheria

Fundi cherehani asipolipwa, suti haitoki kwake. Fundi saa na fundi gari nao ni vivyo hivyo: kitu kimo mikononi mwao, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawaruhusu kukishikilia hadi wapate ujira wao. Fundi mwashi hana bahati hiyo. Tofali lake likishashikana na ukuta, sheria hulihesabu kuwa sehemu ya ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mwashi wetu, anayechuma juani ni mmoja na anayekula kivulini ni mwingine, tena chini ya paa aliloezeka yule wa kwanza.

Tutaambiwa aende mahakamani. Anaweza kudai fedha, naam. Lakini shauri likiahirishwa mwezi hadi mwezi, mdaiwa anaweza kuiuza nyumba na kutoweka na fedha. Fundi akikimbilia kwa Msajili wa Hati aweke zuio, ataulizwa ana maslahi gani katika ardhi hiyo, kwa kuwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, humsikiliza mwenye dai juu ya ardhi yenyewe. Benki iliyokopesha fedha za ujenzi, rehani yake imo daftarini. Aliyezigeuza fedha hizo kuwa kuta hana hata mstari mmoja.

Haya si majaaliwa. Ni uamuzi wa watunga sheria. Mwaka 1791 jimbo la Maryland nchini Marekani, wakati mji mkuu mpya wa Washington ukisubiri wajenzi, lilitunga sheria iliyompa mjenzi asiyelipwa haki juu ya jengo lenyewe. Thomas Jefferson alikuwa miongoni mwa walioipigia debe. Leo haki hiyo imeenea Marekani yote, na huko California imo ndani ya katiba ya jimbo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mdai ana siku 60 za kusajili dai lake, na mwenye mradi hulazimika kubakiza asilimia 10 ya malipo ili walio chini ya mkandarasi wasiachwe mikono mitupu.

Sisi tulirithi sheria ya Kiingereza, ambayo haikuwahi kukubali haki hiyo juu ya majengo. Lakini hata Waingereza walitafuta dawa: sheria yao ya mwaka 1996 inaruhusu migogoro ya mikataba mingi ya ujenzi ipelekwe kwa mwamuzi ambaye kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya siku 28. Tuliurithi ugonjwa wao. Dawa yao hatukuichukua.

Wapo watakaosema kwamba zuio la namna hii litamwonea mnunuzi asiye na hatia. Litamwonea likiwa la siri. Likisajiliwa hadharani, na likafa lenyewe muda wake ukipita bila shauri kufunguliwa, mnunuzi atalisoma kabla hajatoa hata shilingi. Wengine watasema viwanja vyetu vingi havina hati. Ni kweli, basi tuanze na vyenye hati, yaani maghorofa na hoteli, ambako fedha za kulipa hazikosekani. Na majengo ya umma, yasiyoweza kupigwa mnada? Marekani ilijibu swali hilo mwaka 1935: mkandarasi wa serikali ya shirikisho huweka dhamana ya kuwalipa wafanyakazi na wauza vifaa.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wa sheria: andikeni muswada huu. Watumishi wa wizara ya ardhi: daftari ni lenu, na mnajua kwamba mstari mmoja wa ziada hauwezi kulichana. Tume ya Kurekebisha Sheria iwekewe hoja hii mezani. Nchi inayojivunia majengo yake marefu haina budi kwanza kuwaonea haya saidia fundi walioyapandishia zege kwa ndoo, kisha wakarudi makwao na ahadi.