SEHEMU YA 5: "Kazi nyepesi" ya fundi ujenzi ndiyo ipi?

Kwenye sehemu ya 4 niliahidi tuongee yanayotokea mgonjwa akishapewa ruhusa. Wenzangu wa wodini mkinisoma leo mtanuna. Nuneni tu, na mimi najisema humu humu.

Tulikuwa na baba mmoja, fundi ujenzi, alianguka akavunjika mguu. Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya ruhusa karatasi ikaandikwa: "Apumzike wiki 6, kisha kazi nyepesi." Mimi ndiye niliyemsomea. Mkewe, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Dada nesi, kazi nyepesi ya ujenzi ndiyo ipi?" Nikatabasamu, nikaita mgonjwa mwingine. Sikuwa na jibu.

Jibu lipo, ila sisi hatulitumii. Linaitwa utengamao unaolenga kazi. Miongozo yake haina uchawi: mgonjwa aulizwe mapema kazi yake inadai nini hasa, mwili upimwe kwa hayo, mazoezi yafanane na kazi yenyewe, mwajiri ashirikishwe, mtu arudi kidogo kidogo. Ujerumani wanafanya hivi, na mfuko wa pensheni ndio unaolipia, kwa hesabu rahisi tu: bora mtu asaidiwe arudi kazini kuliko alipwe pensheni ya ulemavu kabla ya umri wake.

Najua mtaniambia, "Hiyo ni Ulaya, sisi hatuna vifaa." Vifaa gani? Fundi anapanda ngazi na kubeba ndoo ya zege. Hospitalini ngazi zipo, ndoo zipo. Kuuliza swali kunahitaji mashine gani? Kwenye faili kuna sehemu imeandikwa "Kazi". Tunajaza "biashara", tunageuza ukurasa. Biashara ipi? Anayekaa dukani na anayetembea na beseni la ndizi kichwani kutwa nzima, wote ni "biashara"?

Wengine watasema wagonjwa wenyewe wanataka ED tu, wakalale. Wapo, sikatai. Lakini wengi wanaogopa. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Zikiisha na mwili bado, kibarua kiko mashakani. Na mama lishe je? Yeye hana hata siku moja ya kulipwa. Asipopika leo, watoto hawali leo. Ukimwandikia mama huyo "apumzike" bila kumwonyesha namna ya kurudi, hujamtibu, umemuahirisha.

Na msidhani kazi ni ile yenye mshahara tu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji tunamwambia "usibebe vitu vizito", halafu anarudi kwenye nyumba ambayo maji yanachotwa. Dumu la lita 20 ni kilo 20! Nani tulimuuliza kama kuna wa kumsaidia? Baba mtu alikuwa nje ya wodi, hakuna aliyemwita.

Kwa hiyo, mama, usisubiri sisi tubadilike. Kabla hujatoka na mgonjwa wako, uliza:

1. Kazi yake ni ya kubeba, kuinama, kusimama au kupanda. Kipi aanze, lini, na kipi bado?
2. Mazoezi gani yatamwandaa kwa kazi hiyo, na tumwone nani wa fiziotherapia?
3. Je, mnaweza kuandika kwa mwajiri mambo anayoweza na asiyoweza, badala ya "kazi nyepesi"?

Na kama ni mwajiriwa na aliumia akiwa kazini, mwajiri atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Watu wanajua habari ya hela tu, hawajui kuwa utengamao nao ni moja ya mafao yake.

Tukikukunjia uso, uliza tena. Nesi aliyekosa jibu leo, kesho atalitafuta. Mimi nililitafuta kwa sababu ya yule mama.

Sehemu ya 6: kurudi kazini baada ya uzazi. Mtumie na jirani yako mwenye mgonjwa.