Chuo cha Udaktari Kijengwe Walipo Wagonjwa

Mwezi Mei mwaka 2024, wanafunzi 46 walihitimu udaktari katika chuo kilichoko Tahlequah, mji mdogo wa jimbo la Oklahoma, nchini Marekani. Walikuwa kundi la kwanza la chuo hicho kilichofunguliwa mwaka 2020 kwa ubia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma na Taifa la Cherokee. Ni chuo cha kwanza cha udaktari nchini humo kuanzishwa kwa ushirikiano na taifa la wenyeji wa asili, tena katika ardhi yao. Jengo lake liligharimu dola milioni 40, nazo zilitoka katika hazina ya Wacherokee wenyewe.

Ili kuutambua uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka jinsi Wacherokee walivyofika Oklahoma. Katika miaka ya 1838 na 1839 walifukuzwa kwa mtutu wa bunduki kutoka nchi ya mababu zao kusini mashariki mwa Marekani. Kati ya watu wapatao 16,000 waliohamishwa, inakadiriwa kuwa 4,000 walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Serikali ya Marekani iliyotwaa ardhi za wenyeji ilijitwika, kwa mikataba na sheria, dhamana ya matibabu yao. Lakini ahadi ni deni, na deni hilo limelipwa kwa kusuasua. Hadi leo hospitali nyingi zinazowahudumia wenyeji wa asili zina upungufu mkubwa wa madaktari. Daktari huja, hukaa muda mfupi, kisha hufunga virago kuelekea mjini.

Chuo cha Tahlequah hufundisha udaktari wa ostiopathi. Elimu hiyo iliasisiwa na Andrew Taylor Still, tabibu wa mashambani aliyepoteza watoto watatu kwa ugonjwa wa uti wa mgongo mwaka 1864. Tangu hapo alipoteza imani na dawa kali za zama zake, akashikilia kwamba mwili ni kitu kimoja, na kwamba tabibu amtazame mtu mzima badala ya kiungo kinachouma peke yake. Mwaka 1892 alifungua chuo chake cha kwanza katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Kwa muda mrefu mabingwa wa mijini waliwabeza wafuasi wake. Leo wahitimu wa vyuo hivyo ni madaktari kamili katika majimbo yote 50. Huandika dawa na hufanya upasuaji. Zaidi ya mmoja kati ya kila wanafunzi wanne wa udaktari nchini humo yumo katika vyuo vya aina hiyo.

Vyuo kadhaa vya ostiopathi vimejengwa kwa makusudi mbali na miji mikubwa. Cha Lewisburg, West Virginia, kilianza mwaka 1974. Cha Pikeville, katika milima ya makaa ya mawe ya Kentucky, mwaka 1997. Waasisi wake walitambua ukweli mmoja: daktari hawezi kupendezwa na kijiji kwa kuhubiriwa. Mtoto wa kijiji aliyesomea karibu na kwao, akawatibu jamaa na jirani zake angali mwanafunzi, ana sababu ya kubaki. Aliyelelewa katika hospitali kubwa yenye kila mtambo huiona zahanati kuwa adhabu.

Hata hivyo, tusishangilie kupita kiasi. Kati ya wahitimu wale 46, wenyeji wa asili walikuwa tisa tu. Hiyo ni hatua kubwa katika nchi ambako wenyeji hao ni wachache mno miongoni mwa madaktari, lakini bado ni hatua ya mwanzo. Pia, mhitimu wa Marekani hulazimika kufanya mafunzo ya hospitalini kwa miaka mitatu au zaidi, na wengi hujenga maisha pale wanapoyamalizia. Kama nafasi hizo ziko mijini tu, chuo cha shamba kitakuwa kimeulea mche ili ukazae katika bustani ya mwingine. Zaidi ya hayo, si ajabu daktari mpya kuanza kazi akiwa na deni la zaidi ya dola 200,000. Mwenye mzigo kama huo hufuata penye mshahara mnono, hata kama moyo wake uko kijijini. Ipo mipango ya serikali ya kuwalipia madeni wanaokubali kutumikia sehemu zenye uhaba. Mipango hiyo yapasa kupanuliwa.

Msomaji anaweza kuuliza, ya Oklahoma yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa nasi twaijua zahanati yenye jengo zuri isiyo na mganga. Taifa lililonyang'anywa karibu kila kitu halikungoja kuletewa madaktari. Lilitoa fedha zake, likakileta chuo mlangoni pake. Anayepanga elimu ya udaktari popote duniani ajiulize mambo matatu: chuo kinajengwa wapi, kinamchukua mtoto wa nani, na mhitimu atamalizia mafunzo yake katika hospitali ipi. Asiyekuwa na jibu kwa maswali hayo asiwalaumu madaktari wanapokimbilia mjini.