KAZI ZA MIKONO: Motere inazunguka lakini haiwaki

Ninyi vijana munaojifunza kazi ya garaji, leo tuangalie Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye motere 4A-FE. Haina karabiratere: esanse inapulizwa na injekteri, na kalkulateri ndiyo inatoa amri. Asubuhi demarere inazungusha, lakini motere haiwaki. Wengi wanaanza kubadilisha vitu: leo pompi, kesho buji. Feza ya masomo ya watoto inaisha, na motokari ingali palepale. Musifanye hivi. Mupime kwanza.

1. Batri. Ikijaa inaonyesha volti 12,6 hivi. Wakati wa kuzungusha, ikishuka chini ya 9,6, tafuta ubaya kwa batri, kosi zake ao demarere.

2. Taa ya motere. Chini ya kapo kuko kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, fungula kontaki, uhesabu. Taa ikipepesa mara 1, ikapumuzika, kisha mara 2, ni 12: kalkulateri haikupata habari ya mzunguko kutoka delko. Mara 1 kisha mara 4 ni 14: habari ya moto haikurudi; angalia bobini na nyuzi zake. Ikipepesa sawasawa bila kupumuzika, hakuna kosa lililoandikwa. Usichomoe batri mbele ya kusoma, juu makosa yanafutika.

3. Moto. Chomoa kwanza nyuzi za injekteri zote, esanse isimwagike. Toa buji moja, uirudishe kwa waya wake, iguse chuma cha motere, mbali na tundu. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe sekunde 2 tu. Cheche ya nguvu iruke.

4. Esanse. Angalia fizibili. Toa waya kwa TE1, uunganishe sasa FP na +B, fungula kontaki bila kuzungusha. Pompi nzima utaisikia inalia ndani ya rezervuari. Kwa motokari hii, kontaki peke yake haiamshe pompi. Inangoja motere izunguke. Ndiyo maana watu wengi wanaitupa bure. Ikilia kwa waya huu lakini inanyamaza wakati wa demarere, tafuta kwa rele. Mupira wa esanse musiufungue ovyo: presha inabaki ndani. Tena sigara iwe mbali.

Waya mmoja na saa moja vinatosha. Kisha ndipo muende kununua, tena kile kimoja tu kilichokufa.