Kundi Lina Mwenyewe

Mchungaji hamiliki hata kondoo mmoja. Amekabidhiwa tu, na aliyemkabidhi atamdai hesabu. Huo ndio msingi wa wito wa kichungaji, na baadhi ya viongozi wa makanisa yetu wameupa kisogo.

Katika sura ya 34 ya kitabu chake, nabii Ezekieli hakuwashitaki wachungaji wa Israeli kwa mahubiri hafifu. Aliwashitaki kwa kula mafuta, kuvaa sufu na kuchinja walionona, ilhali mgonjwa hakutibiwa, aliyevunjika hakufungwa, na aliyepotea hakutafutwa.

Mashitaka hayo hayajachakaa. Katika sharika nyingi, wakati wa matangazo mzee wa kanisa husoma sadaka ya Jumapili iliyopita hadi shilingi ya mwisho. Ibada ikiisha, kuku na mikungu ya ndizi hunadiwa nje kwa kipaza sauti. Mjane ambaye hajaonekana mwezi mzima hatajwi, labda awe na ahadi ambayo hajalipa. Usharika unaojua mapato yake kuliko wasiokuja umeshawageuza waumini kuwa mtaji.

Na penye mchungaji asiyeulizwa, maafa hayako mbali. Mjini Moshi, Tanzania, Februari 1, 2020, katika mkutano wa maombi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kupita juu ya mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja, ambayo hatimaye ilizidi 400, mingi ikiwa na dalili za njaa, watoto wakiwamo. Maafa ya namna hii hayazuki siku moja. Huanza pale neno la mtu mmoja linapokuwa sheria, na anayehoji akaitwa mwasi.

Mfano mwema pia tunao. Vita ilipofika Kivu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, hakuuacha mji. Aliwatetea wenyeji, akawatetea na wakimbizi wa Rwanda, wakati ambapo kutetea upande wowote kulikuwa hatari. Aliuawa Oktoba 29 mwaka huo, katika mji uleule aliokataa kuukimbia.

Wachungaji wengi hawatadaiwa damu yao. Wanadaiwa kufika: wodini, rumande, na kwenye msiba wa familia isiyo na cha kumpa. Anayefika kwa wenye magari tu na kuwatuma wainjilisti kwa wengine ni mtu wa mshahara, hata akivaa msalaba mkubwa kifuani.

Kwa hiyo sinodi, mabaraza ya maaskofu na halmashauri za sharika zitimize wajibu wao. Mali ya kanisa iandikwe kwa jina la kanisa. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje. Kila mchungaji atoe taarifa ya waumini aliowatembelea, kama anavyotoa ya fedha. Malalamiko yapokelewe na mtu asiye chini ya mamlaka yake, na mlalamikaji asitengwe. Nanyi waumini, acheni kuita woga wenu utii.

Mchungaji mwaminifu hatapungukiwa na kitu kwa kukaguliwa. Anayekataa kutoa hesabu ya kundi lisilo lake avue joho, apishe wengine.