Gari Safi kwa Ndoo Mbili



Wiki hii twapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hulidharau mpaka liwatie hasara, nalo ni kuosha gari nyumbani na kuihifadhi rangi yake. Twaandika tukiwa Machakos, na hapa jambo hili lina uzito wake. Maji ya mfereji katika nyumba nyingi huja kwa zamu, na mama wa nyumba ndiye ajuaye tangi limebakiwa na kiasi gani. Ikifika Jumamosi asubuhi, kijana hufungua mpira, akaliosha gari la babake huku maji yakimwagika hata anapokwenda kutafuta kitambaa. Gari likiisha kung'aa, maji ya kupikia, ya kufulia na ya udhu yamekwisha kuingia ardhini. Hapo ugomvi huanza: baba ataka gari safi, mama ataka maji yake.

Sisi twasema kwamba wote wawili wana haki, na kwamba haki zao hazigongani. Rangi ya gari haiharibiwi na uchache wa maji. Huharibiwa na haraka, na kitambaa kikavu, na sabuni isiyofaa. Ajuaye kuosha hutosheka na ndoo mbili.

Rangi ni ngozi ya gari

Bati la gari huvikwa tabaka kadhaa. Kwanza ni andakoti inayoshikamana na chuma, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa ni vanishi isiyo na rangi ambayo ndiyo huleta mng'ao. Tabaka zote hizo zikijumlishwa, unene wake ni kama wa karatasi moja ya kuandikia au zaidi kidogo. Vanishi peke yake ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Ikikwaruzika, mng'ao hufifia. Ikiliwa na jua, rangi hupauka na kubambuka kwenye paa na boneti. Na chuma kikibaki wazi, kutu haichelewi.

Magari mengi ya familia zetu yamekuja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Hununuliwa kwa akiba ya miaka, pengine kwa fedha za chama cha akina mama. Siku ya kuliuza, mnunuzi hutazama rangi kabla hajafungua boneti. Basi kuitunza rangi ni kuitunza mali ya nyumba nzima, wala si mapambo tu.

Vumbi la bara, chumvi ya pwani

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wamezoea kupambana na chumvi ya bahari, ambayo hujificha chini ya gari na kwenye maungio ya milango, ikala chuma kimyakimya. Hapa Machakos adui ni vumbi. Barabara za vijijini ni za udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga, na kule Athi River, ndani ya kaunti hii hii, viwanda vya saruji viko karibu na barabara kuu. Punje za mchanga ni ngumu kuliko vanishi. Vumbi la saruji nalo likipata umande hushika na kuganda.

Kwa sababu hiyo, kosa kubwa kuliko yote ni kupangusa gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu. Mkono ule unaopangusa boneti kila asubuhi kabla ya safari hauondoi vumbi tu, bali huliburura juu ya vanishi kama msasa. Tazameni boneti la gari jeusi wakati wa jua kali, mtaona mikwaruzo myembamba ya mviringo mfano wa utando wa buibui. Hiyo si kazi ya njia mbovu, ni kazi ya kitambaa. Afadhali gari liende na vumbi lake hadi siku ya kuoshwa, mkasafisha vioo, vioo vya pembeni na taa peke yake kwa kitambaa kilicholowa.

Namna ya kuosha

Chagueni asubuhi mapema au alasiri jua likipungua, na gari liwe kivulini. Wekeni kiganja juu ya boneti: likiwa la moto, ngojeni. Maji na sabuni vikikaukia juu ya bati lenye joto huacha madoa. Anayeosha avue pete, bangili na saa, na kijana avue mshipi wenye chuma, maana mikwaruzo mingi hutoka kwa mwoshaji mwenyewe.

Tayarisheni ndoo mbili za lita 20. Ya kwanza iwe na maji ya sabuni, ya pili maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Hazihitaji kujazwa pomoni. Sabuni iwe ile maalumu ya kuoshea magari, ambayo kidogo tu hutosha ndoo nzima. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwa rangi, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri hukwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo imetengenezwa ili ikate mafuta, kwa hiyo huondoa pia nta inayoikinga rangi. Wekeni kando dodoki, brashi ya sakafu na sponji ngumu ya masufuria.

Hatua ya kwanza ni kulilowesha gari kabla ya kuligusa. Hapa ndipo maji huokolewa au hupotea. Mpira ulioachwa wazi hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika moja, kwa hiyo dakika 15 za uzembe ni mitungi saba na nusu ya lita 20. Badala yake tumieni kopo la kunyunyizia maua, au bomba la mkono la kunyunyizia, jipya, lisilowahi kutiwa dawa ya shamba. Nyunyizeni gari lote, mwache maji yalainishe vumbi kwa dakika chache, kisha nyunyizeni tena kuanzia juu ili mchanga uteremke wenyewe.

Ndipo mchukue kitambaa laini cha mikrofaiba na kukichovya katika sabuni. Anzeni na paa, halafu vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini ambako uchafu ni mwingi. Osheni kipande kwa kipande, kwa mkono mwepesi na kwa mstari ulionyooka. Kila mkimaliza kipande, kitambaa kisuuzwe katika ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye sabuni, ili mchanga ubaki katika ndoo ile na usirudi kwenye rangi. Kitambaa kikianguka chini kisitumike tena siku ile, kwani kimeokota kokoto. Magurudumu yaoshwe mwisho kwa kitambaa chake pekee.

Suuzeni kwa kopo kuanzia juu, kisha mkaushe papo hapo kwa mikrofaiba nyingine kavu na safi. Kanga kuukuu ya pamba, iliyolainika kwa kufuliwa na isiyo na pindo gumu, yafaa pia ikiwekwa juu ya maji na kuinuliwa badala ya kusuguliwa. Msiliachie jua likaushe. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvichumvi, nayo yakikauka huacha alama nyeupe ambazo baadaye hazitoki kwa maji matupu.

Yasiyongoja Jumamosi

Kuna mambo matatu yasiyosubiri siku ya kuosha: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na wadudu wanaogandamana mbele ya gari safarini. Kinyesi cha ndege kikipigwa na jua huweza kuichoma vanishi na kuacha kovu. Msikikwangue kwa ukucha wala kwa jani. Wekeni juu yake kitambaa kilicholowa maji, kikae dakika tano, kisha mkiinue pamoja na uchafu. Utomvu wa mwembe nao hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, bila kusugua kwa nguvu. Kivuli cha mti ni neema kwa gari, ila tazameni kwanza nani anaishi juu ya matawi.

Wenye kufunga safari ya zaidi ya kilomita 400 kushuka Mombasa wakati wa Idd, wakirudi bara na wasioshe paa na milango tu. Chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu pia pasuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani huko ndiko chumvi ya pwani ilikopanda gari bila nauli.

Nta ni kinga

Baada ya kuosha na kukausha, pakeni nta ya magari mara moja kila miezi miwili au mitatu. Pakeni nyembamba sana, kivulini, sehemu moja baada ya nyingine. Mkiona imefanya ukungu, futeni kwa kitambaa safi. Nta hupunguza makali ya jua, na hufanya vumbi na maji yasishike. Jueni kwamba imekwisha pale maji yanapotandaa juu ya boneti badala ya kujikusanya matone. Lakini msichanganye nta na dawa ya kusugulia rangi. Ile dawa hung'arisha kwa kuichuna vanishi, na vanishi iliyochunwa hairudi. Hiyo mwachieni fundi, tena kwa nadra.

Turubai la plastiki nalo si kinga. Hufungia unyevu ndani, na upepo ukilitikisa juu ya vumbi, hukwaruza gari usiku kucha.

Maji yatoke wapi?

Maji bora ya kuoshea gari ni ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi na hayaachi madoa. Hapa kwetu mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Bati la nyumba lenye ukubwa wa mita 50 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 500. Hata baadhi zikipotea kwenye mifereji ya paa, zinazobaki ni uoshaji mwingi wa ndoo mbili. Lakini tangi likiwa moja, matumbo na ibada vitangulie, gari lifuate. Kiangazi kikikaza, gari likioshwa mara moja kwa wiki mbili au tatu halitakufa.

Ni jambo mashuhuri kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika lita moja. Ikiwa mwili uliokwenda kusimama mbele ya Mola wake ulitosheka na kiasi hicho, gari haliwezi kudai mitungi saba.

Mwapange basi mapema: mama apime maji, baba anunue kitambaa na sabuni inayofaa, watoto wafundishwe kulowesha kabla ya kugusa. Haraka haraka haina baraka, na katika rangi ya gari haraka huacha alama inayoonekana miaka mingi. Jumamosi hii mjaribu kwa ndoo mbili, kisha mlinganishe tangi na wiki iliyopita.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.