Vita Visivyotimua Vumbi

Katika vipindi 79 vya tamthilia ya Star Trek, vilivyoonyeshwa kwanza na televisheni ya Marekani baina ya mwaka 1966 na 1969, vingi vimekwisha chuja: mavazi yake yanachekesha, majabali yake ni ya karatasi dhahiri shahiri, na mapigano yake ya ngumi humfanya mtoto wa siku hizi apige miayo. Lakini kimoja, kiitwacho A Taste of Armageddon, kilichotolewa tarehe 23 Februari 1967, hakijachuja, na nathubutu kusema kwamba mwaka hata mwaka maana yake inazidi kukolea. Kiliandikwa na Robert Hamner na Gene L. Coon, kikaongozwa na Joseph Pevney, na hadithi yake haina marefu.

Chombo cha anga Enterprise, chini ya Nahodha Kirk, kimempakia balozi aitwaye Robert Fox, mtu mwenye kiburi cha cheo na pupa ya kutimiza amri za wakubwa wake, kwenda kufungua uhusiano na sayari ya Eminiar VII. Sayari yenyewe inatoa ishara ya kuwakataza wageni wasikaribie, balozi anashikilia waende, nao wanakwenda. Wanateremka mjini na kukuta majengo mazuri, watu watulivu na nadhifu, na wenyeji wanaowaarifu kwa upole kwamba nchi yao ina vita na sayari jirani ya Vendikar, na kwamba vita hivyo vimedumu miaka 500. Kirk anatazama huku na huku asione ukuta uliopasuka. Hajamaliza kustaajabu, king'ora kinalia, wakuu wa baraza wanaikimbilia mitambo, taa zinamweka juu ya ramani, na habari inatolewa kwamba mji umepigwa na watu nusu milioni wamekufa. Hapakusikika mshindo, wala vumbi halikutimka.

Siri ni kwamba hapo kale mataifa hayo mawili, yalipohofu kuwa silaha zao zingefuta kila kilichojengwa na mababu zao, yaliafikiana kupigana kwa kompyuta: kila upande hushambulia kwa hesabu, mashine zikapima bomu lingeangukia wapi na lingeua nani, na kila aliyehesabiwa kuwa maiti hupewa muda wa saa 24 aende kwa miguu yake mwenyewe hadi katika chumba cha maangamizi, aingie, na mlango ufungwe nyuma yake. Kwa njia hiyo hufa watu baina ya milioni moja na milioni tatu kila mwaka, na majengo na ada njema za wenyeji zikabaki salama salimini.

Ustadi wa waandishi umo katika Mea 3, mwanamke kijana aliyetumwa kuwapokea wageni. Anamjulisha Kirk kwamba naye ni miongoni mwa waliohesabiwa kufa katika shambulio lile, na analisema hilo kwa sauti ya mtu aambiaye wenzake kwamba kesho ana zamu ya usiku. Halii, hatoroki, wala hajifanyi shujaa. Anakiri kwamba uhai ni mtamu kwake kama ulivyo kwa mwingine yeyote, lakini anajua kuwa akikataa yeye, na wa pili akakataa, hesabu haitatimia, Vendikar watadai kwamba mkataba umevunjwa, na mabomu ya kweli yatarushwa. Kwa hiyo amekubali kufa kwa adabu. Baadaye tunaonyeshwa watu wengine wakiingia vyumbani mmoja baada ya mwingine, pasipo vurugu wala kusukumana, na mtumishi amesimama kando akiitumikia mashine yake. Nimeona picha nyingi za damu katika sinema za vita, na hakuna hata moja iliyonitia kitetemeshi kama utaratibu ule.

Wahakiki wa Kimarekani aghalabu hukisoma kipindi hiki kama fumbo juu ya Vietnam, na wana haki. Mwaka 1967 Waziri wa Ulinzi wa Marekani alikuwa Robert McNamara, bingwa wa takwimu aliyetoka katika kampuni ya magari ya Ford, na ushindi wa jeshi lake ulikuwa ukipimwa kwa idadi ya maiti za adui. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila naona haijafika mwisho. Watu wa Eminiar, pamoja na upotovu wao wote, walikuwa na uadilifu mmoja ambao ulimwengu wetu haunao: deni la mauti lililipwa pande zote mbili, na mtumishi wa serikali iliyoendesha vita hivyo, kama Mea mwenyewe, aliweza kujikuta katika orodha sawa na raia yeyote. Vita safi vya dunia hii havikuwa hivyo kamwe. Usafi ni wa upande mmoja.

Pwani yetu ilivionja vita vya namna hiyo kabla televisheni haijabuniwa. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kushika kasri ya Unguja bila ya ridhaa ya Waingereza na kupewa muda hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera yake, manowari zao zilizotia nanga mbele ya mji zilifyatua mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Waliouawa na kujeruhiwa kasrini na kandokando yake walikuwa watu wapatao 500. Kwa upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu vya mambo ya ajabu huvitaja vita hivyo, karibu kwa kicheko, kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote katika historia. Leo hata hiyo nanga haina haja. Rubani huketi katika kituo cha Creech, kwenye jangwa la Nevada, akaiongoza ndege isiyo na mtu iliyo juu ya nchi asiyopata kuikanyaga, na zamu yake ikiisha huwasha gari akaenda kula na wanawe. Jirani zetu wa Somalia wamekuwa wakipigwa na ndege za namna hiyo tangu mwaka 2011.

Kasoro ya kipindi iko kwa Kirk. Ili kuwaokoa watu wake anamwamuru Scott, mhandisi mkuu aliyebaki chomboni, aiteketeze sayari nzima baada ya saa mbili endapo hatapata habari nyingine, na sisi tunaachwa tushangilie. Je, alikuwa akitisha tu? Waandishi hawasemi, na mtu aliyekuja kulaani mauaji kwa hesabu anatoka na mikono myeupe. Kisha anazivunja kompyuta na kudai kwamba, vitisho vya vita vikirejea, watu watatafuta sulhu wenyewe. Ulaya iliviona vitisho hivyo kuanzia 1914 hadi 1918, na miaka 21 baadaye ikarudia. Namwamini zaidi Scott, anayekataa katakata kuondoa kinga za chombo kwa amri ya balozi. Na James Doohan, aliyemwigiza, alipigwa risasi Normandy tarehe 6 Juni 1944, akapoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia, ambacho kamera zilikuwa zikijitahidi kukificha.

Mwishoni inadhihirika kwamba baraza la Eminiar lilikuwa na njia ya kuzungumza na wakuu wa Vendikar moja kwa moja, ila haikutumiwa kwa karne nyingi. Balozi Fox, aliyenusurika kutiwa chumbani, na ambaye hadi hapo alikuwa kioja cha hadithi, anajitolea kubaki awe msuluhishi, na Enterprise inakwenda zake. Katika kipindi kizima hatukuonyeshwa sura ya mtu hata mmoja wa Vendikar. Waandishi wangeweza kuwaketisha watu wa sayari mbili katika baraza moja, tusikie wa kwanza kufungua kinywa atasema nini baada ya miaka 500. Wakaona heri watupe ngumi na milipuko. Mimi ningetoa vipindi kumi vya ngumi nikakione hicho kimoja.