Raia, Askari na Mateka: Sheria ya Vita katika Kiswahili cha Shuleni

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha chama cha wanafunzi katika shule moja ya upili iliyo kati ya Ruiru na Thika. Wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa walimu. Msichana mmoja aliwafunza wenzake, kwa Kiingereza fasaha, kanuni kuu ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu: kwamba vitani sharti wapiganaji watofautishwe na wasio wapiganaji. Alipoombwa aieleze kwa Kiswahili, alisema, "Askari hushambuliwa, raia hashambuliwi." Mvulana aliyeketi nyuma akauliza, "Baba yangu ni askari wa lango kiwandani. Naye je?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilituhusu sisi wanalugha kabla halijawahusu wanasheria.

Katika Kiswahili chetu, askari ni mwanajeshi, ni polisi, na ni mlinzi wa usiku mwenye rungu na tochi. Sheria, kwa upande wake, haimhesabu mlinzi wa kiwanda kuwa mpiganaji. Neno raia nalo lina utata wake: ni mwenye uraia wa nchi, na papo hapo ni mtu asiye mwanajeshi. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepanga chumba Ruiru hana uraia wa Kenya. Je, kinga ya "raia" haimfikii? Inamfikia, ila neno lenyewe halisemi hivyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mateka. Wanajeshi wa Italia waliozuiliwa Kenya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambao baadhi yao walijenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka wa 1942, huitwa mateka. Wanafunzi waliozuiliwa bwenini katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa watu 148, nao waliitwa mateka. Wale wa kwanza sheria inaruhusu wazuiliwe wasirudi vitani, mradi watendewe utu na warejeshwe kwao vita vikiisha. Kuwateka wale wa pili ni uhalifu mtupu. Kijana wa Thika, mji ambao barabara ya kwenda Garissa huanzia, anastahili lugha inayotenganisha mambo haya mawili.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha. Hata hivyo, Kifungu cha 144 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 huzitaka nchi wanachama zieneze mkataba huo, wakati wa amani na wa vita, ili kanuni zake zijulikane na watu wote. Kenya ilijiunga na Mikataba hiyo mwaka wa 1966. Watu wote si wale tu waliopita mtihani wa Kiingereza. Baba wa yule mvulana yumo.

Wala tusisingizie uhaba wa msamiati. Lugha iliyosimulia vita tangu Chuo cha Herekali cha 1728 si mgeni wa uwanja huo. Kosa ni letu tulioacha neno moja libebe mizigo miwili.

Napendekeza vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni viketi na wanafunzi hawa, viandae faharasa fupi ya kufundishia. Badala ya askari, tuseme mpiganaji. Mateka tuwaachie waliotekwa kinyume cha sheria. Kwa wale wanajeshi wa Italia, wengi hutumia mfungwa wa vita, lakini neno mfungwa linanuka Kamiti, ilhali mtu huyo hajahukumiwa kwa kosa lolote. Mwenzangu mmoja amependekeza mahabusi wa vita. Sijaridhika, maana mahabusi hungoja kesi. Wahadhiri wetu wa isimu watusaidie hapa, na yule mvulana wa nyuma apewe kiti katika kamati.